Mbwa Hajui Kwamba Yumo Riwayani

Wasomaji wa riwaya za mbwa wana swali lao, na huliuliza kabla hata ya kununua kitabu: mbwa anakufa? Lina uzito kiasi kwamba kuna tovuti iliyoanzishwa ili kulijibu, mtu aangalie kwanza kabla hajajitosa. Sigrid Nunez, ambaye riwaya yake The Friend ilitwaa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani mwaka 2018, anamwacha msimulizi wake alitaje waziwazi ndani ya hadithi yenyewe, kwa kuwa anajua msomaji hatatulia. Riwaya ya vita huifungui ukiuliza kama kuna askari atakayeuawa. Ya mbwa, unauliza.

Halafu unaisoma hata kama jibu ni ndiyo. Hapo ndipo penye fumbo: wanaowapenda mbwa kupita kiasi ndio hao hao wanaonunua vitabu vitakavyowaliza, na wakimaliza kimoja wanatafuta kingine. Wapo wanaolifumbua fumbo hili haraka haraka kwa kusema kwamba ni machozi ya bure, mwandishi anamtoa mbwa kafara ili kitabu kiuzike. Vitabu vya namna hiyo vipo, na si vichache. Lakini riwaya bora za mbwa hufanya kazi ngumu zaidi, na utamu wake hautoki kwenye kifo. Unatoka kwenye pengo lililopo kati ya viumbe wawili wanaoishi nyumba moja: mbwa hajui tunayoyajua, nasi hatujui anayoyajua. Mwandishi mzuri humkalisha msomaji katikati ya pengo hilo, na ni riwaya chache za aina nyingine zinazoweza kumfikisha hapo.

Tukimalize kwanza kifo

Mbwa wengi huishi miaka 10 hadi 13, na wale wa maumbo makubwa mara nyingi hawafiki huko. Riwaya inayomfuata mbwa tangu anafumbua macho hadi mwisho wake inaenea yote ndani ya utoto mmoja wa binadamu. Mtoto anayepewa mbwa akiwa na miaka 5 atamzika akiwa tayari ni kijana. Mwandishi hana haja ya kubuni ajali, kalenda peke yake inamtosha. Ndiyo sababu hadithi hizi zimejaa katika fasihi ya watoto na vijana: umri wa mbwa na safari ya kukua vinakaribia kulingana urefu.

Pengine sababu ni nzito zaidi ya umri. Chukua Old Yeller ya Fred Gipson, iliyotoka mwaka 1956. Hadithi iko Texas, miaka ya 1860. Baba ameondoka kuswaga ng'ombe kwenda kuwauza mbali, na Travis, kijana wa miaka 14, ameachiwa mama yake, mdogo wake na shamba. Mbwa wa manjano anaingia pale bila kukaribishwa, anaiba nyama, Travis anamchukia. Kufikia mwisho mbwa huyo huyo amepigana na mbwa mwitu mwenye kichaa ili kuwalinda watu wa nyumba hiyo, na Travis ndiye anayempiga risasi.

Wasomaji wengi hulikumbuka tukio hilo kama ukatili wa mwandishi. Hebu angalia tarehe. Chanjo ya kichaa cha mbwa ya Louis Pasteur ilitumika kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1885. Miaka ya 1860 aliyeumwa na mnyama mwenye kichaa hakuwa na pa kukimbilia, na hata leo dalili zikishajitokeza ni nadra mno mtu kupona. Travis hana njia ya tatu. Kinachouma katika kurasa zile ni kwamba yeye anajua na mbwa hajui. Mbwa ametoka kupigana kwa ajili yao, yuko kwao, na anamwamini aliyeshika bunduki kama alivyomwamini jana. Mwandishi asiyejali angelieneza tukio hilo kurasa nyingi. Gipson analipitisha upesi, na wepesi huo ndio unaolifanya lisisahaulike.

Anayejua na asiyejua

Jack London aliianza The Call of the Wild, mwaka 1903, kwa kutuarifu kwamba Buck hakuwa msomaji wa magazeti, la sivyo angejua kuwa shari inawanyemelea mbwa wa aina yake. Ni sentensi moja tu, na msomaji tayari ameshika habari ambayo mhusika mkuu hatakuja kuijua katika kitabu kizima: dhahabu imepatikana kaskazini, watu kwa maelfu wanakimbilia Klondike, na mbwa wakubwa wenye manyoya mazito wanatakiwa kwa udi na uvumba kuvuta mizigo kwenye theluji. Msaidizi wa mtunza bustani, mwenye madeni ya kamari, anamtoa Buck nyumbani usiku. Buck anakubali kufungwa kamba kwa sababu amezoea kuwaamini watu anaowafahamu. Sisi tunaona biashara, yeye anaona matembezi. Kurasa kadhaa zinazofuata zinasukumwa mbele na tofauti hiyo peke yake.

Mbinu hii ni ya kale, na wakati mwingine hugeuzwa kichwa chini miguu juu. Katika kitabu cha 17 cha Odyssey, utenzi wa Homer, Odysseus anarudi kwake baada ya miaka 20 akiwa katika sura ya ombaomba, ili maadui waliojaa nyumbani mwake wasimtambue. Mbwa wake Argos, aliyemlea kabla ya kwenda vitani Troy, amelala juu ya lundo la samadi mbele ya lango, mwili umejaa kupe, hana wa kumjali. Anamtambua papo hapo. Anatikisa mkia, analaza masikio, lakini kumsogelea hawezi. Na Odysseus hawezi kumsalimu, kwani akimgusa tu siri imefichuka. Anafuta chozi bila mwenzake wa njiani kuona, anaingia ndani, na Argos anakata roho. Hapa mbwa ndiye mwenye habari na karibu nyumba nzima haina. Tukio lote halizidi mistari 40 hivi, na bado watu wanaoshindwa kutaja majina ya maadui wa Odysseus humkumbuka Argos.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko katika Kashtanka ya Anton Chekhov, ya mwaka 1887. Si riwaya kwa urefu, ni hadithi fupi yenye sura kadhaa, lakini anayetaka kuelewa riwaya za mbwa aanzie hapo. Kashtanka, mbwa jike wa fundi seremala, anapotea mitaani na kuokotwa na mchekeshaji wa sarakasi anayeishi na paka, nguruwe na bata bukini dume. Usiku mmoja bata bukini anapiga ukelele wa kutisha. Mchana alikanyagwa na farasi, na sasa anakufa. Kashtanka hayajui hayo. Anachokijua ni kwamba kuna mgeni gizani, asiyeonekana, na kwamba chumba si kile kile. Anaogopa kwamba naye atakuja kunyooshwa miguu, macho yamefumba, kinywa wazi. Na usiku huo huo wa hofu anakumbuka paja la kuku aliloliiba na kulificha nyuma ya kabati, kwenye utando wa buibui na vumbi, akijiuliza kama bado lipo.

Hilo paja la kuku ndilo linalonishika kila nikisoma. Mwandishi wa kawaida angemwacha mbwa aomboleze. Chekhov amemwachia njaa yake, tamaa yake na hofu isiyo na jina, na kwa njia hiyo anatuonyesha kifo kama kinavyomwingilia kiumbe asiyekuwa na maneno ya kukielezea. Msomaji anajua kilichotokea, lakini hajawahi kukihisi namna ile.

Nani asimulie

Kila anayeandika riwaya ya mbwa lazima aamue nani atasimulia, na uamuzi huo huamua karibu yote yanayobaki.

Anaweza kumpa mbwa ulimi. Miguel de Cervantes alifanya hivyo mwaka 1613: mbwa wawili walio kwenye hospitali moja mjini Valladolid wanajikuta usiku mmoja wanaweza kuzungumza, na Berganza anamsimulia Cipión mabwana wote aliowatumikia. Alipokuwa kwa wachungaji aligundua kwamba wanaochinja kondoo usiku na kumsingizia mbwa mwitu ni wachungaji wenyewe. Hakuna anayejificha mbele ya mbwa. Kwa hiyo mbwa anayepita mikononi mwa watu wengi ni shahidi asiye na mfano, anaingia machinjioni, majumbani mwa matajiri na kambini mwa askari, na wote wanaendelea na mambo yao kana kwamba hayupo. London alitumia mpango huo huo: kila mkono unaompokea Buck unatufungulia aina nyingine ya binadamu.

Ulimi wa mbwa umetumika pia kutetea. Margaret Marshall Saunders wa Kanada alichapisha Beautiful Joe mwaka 1893, simulizi ya mbwa aliyekatwa masikio na mkia na bwana katili, inayosemwa na mbwa mwenyewe. Kama hati ya mashtaka dhidi ya ukatili kwa wanyama ilifanya kazi kubwa. Kama riwaya ina udhaifu unaozikumba nyingi za aina hii: mbwa anajua mno. Anahukumu, anashauri, anatoa mawaidha, mpaka unabaki na mtu mwema aliyevaa manyoya. Pengo limezibwa, na utamu umeondoka nalo.

Mikhail Bulgakov aliona mtego huo na kuutumia. Katika Moyo wa Mbwa, aliyoiandika mwaka 1925 na ambayo haikuchapishwa katika Umoja wa Kisovieti hadi 1987, tunaanza ndani ya kichwa cha Sharik, mbwa wa mitaani wa Moscow aliyeunguzwa kwa maji ya moto. Profesa anampandikiza viungo vya mtu, na Sharik anaanza kugeuka binadamu. Hapo sauti yake ya ndani inakatika. Mabadiliko tunayasoma katika daftari la daktari msaidizi. Kadiri anavyozidi kuwa mtu ndivyo tunavyozidi kufungiwa nje, na yule mbwa tuliyemzoea tunamkosa kweli kweli.

Njia nyingine ni kusimulia kutoka nje huku ukikaa karibu sana na mnyama. Virginia Woolf aliandika Flush, iliyotoka mwaka 1933, kama wasifu wa mbwa wa mshairi Elizabeth Barrett Browning, akichota mambo kwenye barua za mshairi huyo na mumewe. Flush anaishi kwanza katika chumba cha mgonjwa jijini London, mapazia yameshushwa, kisha anahamia Florence, Italia. Woolf anatupitisha mjini humo kwa pua. Anakiri waziwazi kwamba binadamu hana maneno ya kutosha kuhusu harufu, na hapo hapo anajaribu. Sababu ya kimaumbile ipo: pua ya mbwa ina seli za kunusia zaidi ya milioni 200, ya binadamu ina takriban milioni 5 au 6. Rangi nazo mbwa hazioni kama sisi, anatofautisha zaidi bluu na manjano. Ukitaka kupima kama mwandishi amemkaribia mbwa wake au amejiandika mwenyewe, tazama kama kitabu kina harufu. Kurasa 50 zimepita na mbwa hajanusa kitu cha maana? Una haki ya kushuku.

Na kuna wanaomwacha mbwa akae kimya kabisa. The Friend ni ya namna hiyo. Mwandishi mwanamke amefiwa na rafiki yake aliyejiua, anarithi mbwa wake mkubwa ajabu, Apollo, ambaye tayari anazeeka, na jengo analoishi haliruhusu mbwa. Mbwa anaomboleza, au anaonekana kuomboleza. Mwanamke anamsomea kwa sauti. Hatuambiwi Apollo anaelewa nini, na riwaya nzima inaishi ndani ya kutoambiwa huko.

Je, ni kweli?

Ubishi kuhusu ukweli wa vitabu hivi uliwahi kumfikia rais wa nchi. Mwaka 1903 mwandishi wa mambo ya asili John Burroughs aliwashambulia, katika jarida la Atlantic Monthly, waandishi waliowapa wanyama akili za kibinadamu na kuziita habari za kweli. Mwaka 1907 Theodore Roosevelt, akiwa madarakani, aliingia upande wake na kumgusa London pia. London alijibu mwaka 1908. Hoja yake ilikuwa kwamba ameandika tena na tena kuwa mbwa wake hawawazi mambo hayo, wanayatenda tu, na kwamba aliyarudia maneno hayo hata pale yalipoharibu mtiririko wa hadithi.

Sayansi ya baadaye imewapa pande zote mbili kitu cha kushika. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz alichunguza ile sura ya hatia ambayo kila mwenye mbwa huapa kuwa ameiona. Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kitafunwa, wakatoka nje, na waliporudi wakaelezwa kilichotokea, wakati mwingine kwa uongo. Sura ya hatia ilifuata karipio la mwenye mbwa, awe mbwa amekula au hakugusa. Kwa upande mwingine, utafiti wa Kijapani uliotoka katika jarida la Science mwaka 2015 ulionyesha kwamba mbwa na mwenye mbwa wakitazamana macho kwa macho, homoni ya oksitosini hupanda kwa wote wawili, ile ile inayohusika na mapenzi ya mama na mtoto.

Kwa hiyo tunamsoma mbwa vibaya, na bado uhusiano ni wa kweli. Riwaya ya mbwa inayoshikilia nusu moja tu ya jambo hili inapwaya. Ikishikilia kutoelewana peke yake inakuwa baridi, na ikishikilia mapenzi peke yake inakuwa sukari tupu.

Upendo usiochagua

Sasa turudi kwa Kashtanka, kwa sababu mwisho wake huwakasirisha wasomaji, na wana sababu. Kule kwa seremala alipigwa mateke na kutukanwa. Mtoto wa nyumba hiyo alikuwa akimfungia kipande cha nyama kwenye uzi, anamwacha akimeze, kisha anakivuta kitoke tumboni huku akicheka. Kwa mchekeshaji ameshiba, amefundishwa, ametendewa kwa upole. Usiku wa maonyesho yake ya kwanza anasikia sauti ya yule mtoto ikimwita kutoka viti vya juu, na anakimbia kuwafuata wa zamani kwa furaha tele. Mchekeshaji hatajwi tena.

Uaminifu wa mbwa haumchagui anayestahili, na hapo ndipo riwaya hizi zinapokuwa za watu wazima. Georgi Vladimov, Mrusi, alilifikisha jambo hili mahali pa kutisha katika riwaya yake kuhusu Ruslan, mbwa mlinzi wa kambi ya wafungwa, iliyochapishwa Ujerumani Magharibi mwaka 1975. Kambi imefungwa, wafungwa wameachiliwa, na Ruslan hajui kwa nini. Anakwenda stesheni kuwasubiri warudishwe. Siku moja vijana wa kazi za ujenzi wanashuka garini na kupanga mstari wakiimba, na mbwa waliokuwa walinzi wanajipanga pembeni mwao na kuanza kuwashambulia wanaotoka mstarini. Hawana chuki na mtu, wanafanya kazi waliyofundishwa kwa moyo wote. Unamhurumia Ruslan na unamwogopa kwa wakati mmoja, na lawama inawaendea wale waliouchukua moyo wa namna hiyo wakaufanya silaha.

Ivan Turgenev alitazama upande wa pili, wa binadamu asiye huru. Mumu, iliyoandikwa mwaka 1852 akiwa kizuizini, inamhusu Gerasim, mtwana kiziwi asiyeweza kusema, aliyemwokoa mbwa mdogo mtoni. Bibi mjane mwenye nyumba anaamuru mbwa aondolewe. Gerasim anamchana Mumu manyoya, anampeleka mgahawani, anaagiza supu ya kabichi yenye nyama, anamwekea mkate ndani yake na kumtazama akila, machozi yakimdondoka. Kisha anapiga makasia mtoni na kumzamisha kwa mikono yake. Halafu anafunga virago na kuondoka kwa miguu kurudi kijijini, bila ruhusa ya mtu. Mbwa huyo alimchagua mwenyewe, na alipoamriwa kumpoteza, bibi yule hakubaki na kitu cha kumshikia. Utwana ulifutwa Urusi mwaka 1861.

Pa kuanzia

Kwa asiyewahi kuzisoma, ningeshauri Kashtanka kwanza, inasomeka kwa kikao kimoja, kisha The Call of the Wild. Disgrace ya J. M. Coetzee, iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1999, iache hadi utakapokuwa tayari. Ndani yake David Lurie, profesa aliyeanguka heshima, anasaidia katika kliniki ya wanyama ambako mbwa wasiotakiwa huchomwa sindano ya kufisha. Anaipeleka mizoga mwenyewe kwenye tanuri kwa sababu wafanyakazi wa pale huipiga kwa sepetu ikiwa imekakamaa, ili ipenye vizuri. Hakuna anayemwona, hakuna anayemshukuru, na mbwa wenyewe wamekwisha kufa. Ni kitabu kigumu, na sijui kingine kinachouliza kwa ukali kama huo tunawadai nini mbwa na wao wanatudai nini.

Aliyefiwa na mbwa wake hivi karibuni asijilazimishe. Akitaka kitabu, The Friend inazungumza na mfiwa bila kumharakisha. Na anayewasomea watoto asiruke kurasa za kifo wala kuzibadilisha. Asome kwa sauti ile ile aliyotumia mwanzo, asimame mtoto akitaka kuuliza, na kama swali ni iwapo mbwa alijua anakufa, amjibu kwamba mwandishi hakusema, kisha amuulize yeye anaonaje.